Udongo Aliotafuna Mama

Sikiliza, ndugu yangu. Juzi dada yangu alinionyesha jiwe alilotolewa kwenye mfuko wa nyongo: la njano, lenye kuteleza kama mshumaa.

Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni, kijijini Murusagamba. Mama, akiwa mjamzito, aligaagaa mkekani, na nyumba ilinuka ndizi zilizoungua.

"Hospitali wamesema ana mawe tumboni," shangazi alisema.

Nilijua yametoka wapi: udongo wa kichuguu alioutafuna kila siku! Nikautupa migombani.

"Rudisha udongo wangu, we mtoto," mama alinong'ona.

"Utakufa, mama!"

Hakufa; alijifungua, akapasuliwa mawe yakatolewa, akapona. Leo najua jiwe la njano ni kolesteroli, mafuta yaliyozidi kwenye nyongo yakaganda taratibu. Ujauzito huchangia, udongo haumo.

Ukiumwa chini ya mbavu za kulia baada ya kula, nenda ukapimwe kwa ultrasaundi.