Siku Mama Alipokamuliwa

Harufu ya kambale akichemka kwa chumvi tupu, bila nyanya wala kitunguu, siiwezi. Juzi hapa kwangu Igogo binti yangu Kabula aliinjika sufuria, mimi nikatoka nje nikakaa kwenye jiwe kama mgeni aliyefukuzwa. Kabula ameachana na mumewe, amerudi kwangu na kichanga, na majirani wamemwambia mchuzi wa kambale unaleta maziwa. Sibishani nao. Mimi wanangu niliwanyonyesha kwa uji wa mtama, na hakuna hata mmoja mwenye matege, njooni muwaone. Ila mama yangu aliunywa mchuzi ule kwa shida nyingine, na shida yenyewe ilikuwa mimi.

Tulikaa ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, kwa mjomba, kaka yake mama. Baba alikuwa ameleta mwanamke mwingine, akamrudisha mama kwao kama mtu anavyorudisha jembe bovu. Wazee wakakaa. Wale walikuwa watu wa ng'ombe, na mambo ya watu waliyaamua kama ya zizini. Walisema ng'ombe wa mahari walishatoka kwa baba, basi mtoto ni wa baba. Lakini ndama hatengwi mama yake angali na maziwa. Siku nitakayoacha kunyonya, nitachukuliwa. Mama alilishika neno hilo kama anayezama anavyoshika mzizi.

Basi hakuniachisha. Nilichunga mbuzi ningali nanyonya. Niling'oka meno ya mbele, yakaota mengine, ningali nanyonya. Watoto wa mjomba walinifuata mpaka kisimani wakiimba, "Ndama ana pembe, ndama ana pembe." Niliwapiga mawe, maana shabaha nilikuwa nayo, lakini mama akiniita jioni nilikwenda. Ladha ya maziwa siikumbuki. Nakumbuka jasho lake na moshi wa kuni, na jinsi alivyogeuza uso pembeni akafumba macho. Nilidhani anasikia raha.

Kila kambale aliyeingia nyumbani, mchuzi wake mama aliufuata mpaka chini ya chungu. Karanga za mbegu alizitafuna kwa siri. "Mwanamke huyu anakula kama aliyejifungua jana," mke wa mjomba alikuwa akisema, na mimi, kajinga, nilimwonea mama aibu kwa ulafi wake. Mjomba naye alikuwa na haraka. Kuna mwanamume wa Geita alikuwa amemtaka mama, lakini nani anaoa mwanamke mwenye mtoto wa mwingine kifuani?

Baada ya kila mavuno shangazi, dada yake baba, alivuka kwa pantoni kutoka Kigongo kuja kunikagua. Akionekana tu njiani, mama ananivuta, ananibana kichwa kifuani, na nikizubaa ananifinya paja ninyonye. Mwaka ule shangazi alikaa kwenye kigoda akatutazama mpaka akachoka.

"Wifi, huyu bado?"

"Bado, wifi."

"Mbona ana meno mapya?"

"Meno ni yake, titi ni langu."

"Utamnyonyesha mpaka aolewe. Mumewe atakuja kupanga foleni."

Mke wa mjomba akacheka mpaka akashika mbavu. Shangazi hakucheka. "Ng'ombe akisemwa ana maziwa, anakamuliwa," alisema. "Leteni kata."

Mjomba alikuwa uani na wazee. Aliangalia vidole vya miguu yake, kisha akasema, "Mkamueni tu, tumalize." Dada yake huyo, tumbo moja.

Walimpeleka nyuma ya nyumba, na bibi mmoja jirani akaitwa awe shahidi. Mimi nikawafuata, hakuna aliyenizuia. Mama alipiga magoti mwenyewe. Shangazi alikinga kata ya kibuyu, na mke wa mjomba akakamua, upande huu, kisha upande ule, kwa ngumi ileile aliyokamulia ng'ombe asubuhi. Mama alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, na kweli tone likatokea, nikasema, "Hayo yanakuja." Ilikuwa damu.

"Inatosha," yule bibi alisema. "Na ninyi ni wanawake."

Shangazi akapangusa lile tone kwa kidole, akaipeleka kata kwa wanaume. Kila mzee aliiinamisha kwenye jua, akachungulia, akampa mwenzake. Mjomba alikuwa wa mwisho. Aliigeuza juu chini, kama mtu anayeonyesha kwamba pombe yake ameimaliza.

Nilichukuliwa alasiri ileile. Mama alinifungia gauni langu la pili kwenye kitambaa, akaingia ndani, akafunga mlango. Kwenye pantoni nililia, nikamwambia shangazi, "Ni mimi niliyeyamaliza." Alikuwa anatafuna muwa. Akatema makapi majini.

"Ndiyo, umeyamaliza. Ulikuwa mlafi."

Nikaamini. Kwa baba nilikula kidogo kama kifaranga, na nikiongezewa ugali nilisukuma sahani. Mama wa kambo aliniita mwenye maringo. Sikuwa na maringo, nilikuwa naogopa kumaliza vitu.

Mama akaolewa Geita. Nilimwona mara chache, tukasalimiana: shikamoo, marahaba, mvua huko kwenu vipi. Alipofariki, mimi mwenyewe nilikuwa bibi, na nikaingia na wanawake wenzangu kumwosha. Pale kifuani, pande zote mbili, kulikuwa na makovu, meupe, yamepinda kama mwezi mchanga, mengine yamepanda juu ya mengine.

Nimenyonyesha, najua. Mtoto anayepata maziwa hana muda wa kuuma. Anauma akikuta patupu. Basi pale palikuwa patupu tangu zamani, kabla ya ile kata, kabla meno yangu hayajang'oka. Sikumaliza kitu. Kila jioni mama alinipa mahali pa kuuma, akafumba macho, ili nilale kwake usiku mmoja zaidi.

"Hapa aliungua na nini?" mwanamke mmoja akauliza.

"Ni meno yangu," nikasema.

"Kumbe alikuwa na maziwa mengi, marehemu."

Nikakamua kitambaa, nikaendelea kumwosha.