Pindo la Shati la Arvid Lahti

Kaskazini mwa Michigan mwanamume husamehewa mengi. Atanuna mwezi mzima, ataharibu harusi ya shemeji yake, na watu watasahau. Ila akimlenga kulungu akamkosa, jioni ile ile wenzake watamsimamisha katikati ya kibanda cha mawindo, watamkata pindo la shati kwa mkasi na kulipigilia ukutani pamoja na jina lake. Hapo litakaa mpaka wajukuu wake waje walicheke.

Arvid Lahti alikuwa na mapindo mengi ukutani kuliko mtu yeyote, na yote yalianza baada ya kuanza kumeza dawa.

Alikuwa dereva wa malori ya jeshi huko Iraki, akarudi na mikono yote miwili na miguu yote miwili, watu wakamwambia ana bahati. Bahati gani! Kuna miezi alipanda juu kama moto wa kuni kavu, halali usingizi, anaongea mpaka mbwa anatoka nje, anang'oa sakafu ya jikoni ili aiweke upya. Kisha anashuka. Akishuka, hata kuvaa viatu ni kazi, na anaona wazi kwamba mkewe Lorna angekuwa na raha zaidi bila yeye. Nusura ajitoe uhai mwaka ule wa sakafu. Hospitali wakaupa ugonjwa jina, wakampa vidonge vya lithiamu, na polepole akarudi kuwa mtu wa kupanda gari la kusukuma theluji alfajiri, akipiga mluzi.

Mambo mawili yalibaki. La kwanza, bunduki zake zilihamia kwenye kabati la chuma la Gordie Beaudry, aliyekuwa sajini wake vitani na sasa ni jirani. Hiyo ilikuwa ahadi aliyoitoa mwenyewe: Gordie ashike ufunguo, ampe bunduki asubuhi ya mawindo, aipokee jioni. La pili, mikono ikawa inatetemeka. Dawa ndiyo iliyoitetemesha. Si sana, lakini kulungu hahitaji zaidi ya hapo ili aende zake.

Wenzake walimtania bila huruma, kama wanavyotaniana watu wanaopendana. Gordie ndiye aliyezidi. Kila Arvid alipomtembelea, alimjazia kikombe cha kahawa mpaka kwenye ukingo, kisha akakaa na kitambaa cha kufutia meza mkononi, akisubiri.

Basi mwaka huo, majani yalipoanza kupukutika, Arvid akaacha dawa. Hakumwambia mtu. Alijisemea ni kwa msimu wa mawindo tu, apate dume moja la maana, waache kumcheka, kisha atarudia vidonge vyake. Ni ujinga, na ulikuwa ujinga wa mtu mwenye akili zake timamu, ndio maana ulikuwa wa hatari.

Mwanzoni alijiona mzima kuliko wazima. Mikono ikatulia. Akapaka rangi ghala lote, Lorna akafurahi, maskini, akidhani ni afya. Halafu, siku chache kabla ya msimu kufunguliwa, sakafu ikamtoka chini ya miguu. Yale mawazo ya zamani yakarudi, tena yakimsemesha kwa upole, na hilo ndilo lililomtisha. Asubuhi moja akavaa koti, akavuka barabara hadi kwa Gordie.

"Sajini, nimefuata bunduki yangu."

"Msimu bado, bwana."

"Nataka kuisafisha tu. Kwani ni dhambi?"

"Dhambi ni kuisafisha wewe. Mwaka jana uliirudisha na makombo ya mkate ndani. Kaa kwanza, unywe kahawa."

Akamjazia mpaka ukingoni, akachukua kitambaa chake, akasubiri. Arvid akainua kikombe, akanywa, akakirudisha mezani. Halikumwagika hata tone.

Gordie akaitazama meza kavu. Kicheko kilichokuwa tayari usoni pake kikayeyuka.

"Arvid. Mkono wako hautetemeki."

"Umepona. Sasa nipe ufunguo."

"Umeacha dawa."

"Sajini, usinifanye mtoto."

Gordie akasogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. Hakuwa mtu wa maneno laini, na siku hiyo hakuyatafuta. "Nakuuliza waziwazi, ndugu yangu, na unijibu vivyo hivyo. Unafikiria kujiua?"

Arvid alitaka kucheka. Akafungua mdomo, na kilichotoka kikawa: "Ndiyo." Kisha akalia, mtu mzima, ndevu na kila kitu, na ajabu ni kwamba pamoja na aibu yote alihisi mzigo umeshikwa upande wa pili.

"Vizuri umeniambia," Gordie akasema. "Ufunguo huupati. Kahawa utaimaliza, halafu tunampitia Lorna, tunakwenda kliniki wote watatu. Na ukijaribu kuruka garini, nitakukalia. Unanijua uzito wangu."

Walimlaza. Msimu ukafunguliwa na kufungwa yeye akiwa wodini, akianza dawa upya. Muuguzi wa zamu, mama mmoja mnene aitwaye Odessa, alimsikiliza kisa cha kulungu mpaka mwisho, kisha akashika kiuno.

"Yaani miaka yote hii mikono inakusumbua, na hukusema?"

"Niliona haya, mama. Ni kutetemeka tu."

"Dozi hurekebishwa. Kuna na kidonge kingine cha kutuliza mtetemo. Ungeuliza! Dawa hii haiachwi ghafla, baba. Ukikerwa nayo, njoo utugombeze sisi."

Wakairekebisha. Mtetemo ukapungua, ila haukuisha.

Novemba iliyofuata, kibandani, Gordie alimjazia kikombe mpaka ukingoni mbele ya wote. Arvid akakiinua, na kahawa ikamwagika mezani. Wenzake wakapiga kelele. Gordie alifuta meza taratibu, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, uso wake ameuinamisha.

Siku hiyo Arvid alimwona dume kubwa, akalenga, akamkosa kabisa.

Aliporudi nyumbani Lorna alikuwa jikoni. "Umepata?"

Arvid akageuka amwoneshe mgongo. Shati jipya la sufu, alilomnunulia Lorna mwenyewe, lilikuwa limekatwa vibaya mpaka karibu na kiuno. Lorna akacheka, kisha akaiweka chini sufuria aliyoshika na kumkumbatia hivyo hivyo kwa nyuma, shavu lake mgongoni, pale alipoweza kumsikia akipumua.

"Waache wakate," akasema. "Nitakununulia jingine. Kila mwaka nitakununulia jingine."