Hamsta Wake, Unga Wangu

Beshte yangu wa tangu darasa la nne anaogopa panya. Akiona mmoja huko kwake Kawangware, anapanda juu ya ndoo na kuita jirani. Mimi ndiye niliyekuwa nikiokota vifaranga vilivyoachwa na mama yao na kuvilaza ndani ya soksi. Mimi ndiye niliyeambia kila mtu kwamba siku moja nitakuwa na nyumba ya kutibu wanyama, yenye mlango wa kioo na paka wakingoja kwa foleni. Sasa niambie, kati yetu wawili, nani alipewa hamsta?

Yeye. Familia aliyokuwa akiifulia nguo ilihama, na mtoto wao akamwachia mnyama pamoja na sanduku lake la plastiki. Hamsta ni kama panya, lakini mfupi, mnene, na huyu alikuwa na manyoya ya rangi ya chai ya maziwa na mkia ambao lazima uutafute ndio uuone. Siku nilipomwona niliinama mpaka pua ikagusa sanduku. Nikasema, "Ni mrembo," huku natabasamu, na moyoni namwambia Mungu kwamba amekosea nyumba.

Kisha beshte akasafiri kwenda kwao magharibi, kwa mazishi ya shangazi yake, akaniletea hamsta nimtunzie chumbani kwangu, mtaa wa Kianda.

"Anakula nini?" nikamuuliza.

"Chochote. Mandazi. Chipsi zikibaki. Mbegu za alizeti ndizo anapenda sana."

"Mandazi, wewe?"

"Kwani ana kisukari? Na ukitaka atoke, gonga hapa na ukucha."

Akagonga kidogo tu. Hamsta akachomoka kwenye vitambaa vyake, akapanda kiganja cha mtu anayeogopa panya, akatulia. Nilipogonga mimi, alinigeuzia matako.

Hapo nikaamua. Kabla beshte arudi, huyu mnyama awe anajua mkono wangu kuliko wake.

Nilitazama video kwa simu mpaka bando ikaisha. Zote zilisema jambo moja: nafaka iwe nyingi, protini kiasi, mbegu za mafuta kidogo, matunda ya kuonja tu. Nikacheka peke yangu, kwa sababu ukiondoa alizeti, hiyo ni uji wa mtoto kabisa, ule kina mama wa huku wanachanganya kila siku. Nikaenda soko la Toi, nikanunua wimbi, mtama, ngano, kamande, mbegu za maboga na dagaa wa omena wachache wasio na chumvi. Alizeti nikaziweka kwa mkono mgumu. Nikachanganya kwenye beseni, nikiwaza jinsi beshte atakavyogonga na kugonga, na mtu asitoke.

Nilipomwekea kiganja kimoja, hamsta alichagua alizeti zote na kuacha vingine vyote, kama mtoto anayekula nyama anaacha ugali. Halafu akapiga chafya. Nikasema labda ni vumbi la nafaka. Nikakumbuka kwamba jamaa wa posho mill, ile mashine ya kusaga nafaka kule Makina, ana chekecheo kubwa, anaweza kunichekechea.

Sasa, pale posho mill watu hawapangi foleni. Mifuko ndiyo inapanga. Unaweka wako nyuma ya mwingine, unaenda shughuli zako, na mfuko ukishakaa kwenye foleni hakuna anayeuuliza maneno, unasagwa tu. Mimi najua hivyo tangu utotoni. Lakini kichwa kilikuwa kwa hamsta. Nikaweka mfuko, nikaenda kutafuta sukuma wiki.

Niliporudi, jamaa alikuwa ameushika, mweupe kwa unga hadi kwenye kope.

"Siste, uji wako huu. Nimesaga mara mbili, mtoto hatakwama."

Mfuko ulikuwa na joto kama chapati.

"Sikutaka usage. Nilitaka uchekeche tu."

"Nani analeta wimbi na omena posho mill zichekechwe?"

"Si uji. Ni chakula cha hamsta."

"Hamsta ndio nani?"

"Ni kama panya, lakini wa kufugwa."

Mama mmoja aliyekuwa akingoja unga wake alijifunga leso upya kiunoni. "Panya wangu wanakula bure usiku kucha," akasema, "na hakuna aliyewahi kununuliwa omena. Huyo wako anasoma shule gani?"

Walicheka, nikacheka pia, nikabeba unga wangu. Nyumbani nikaukanda na maji kidogo, nikafinyanga vipande vidogo kama punje za mahindi, nikavianika juu ya mabati mpaka vikawa vigumu. Sasa alizeti ilikuwa ndani ya kila kipande, na bwana hakuwa na la kuchagua. Alinusa. Akaja polepole, akapanda kiganja changu na vijimguu vyake baridi, akala hapo hapo. Sikuthubutu hata kumeza mate. Nikaanza kuchagua rangi ya ule mlango wa kioo.

Beshte akarudi. Hamsta alikuwa mkononi mwangu, akijaza mashavu. Beshte akagonga sanduku kwa ukucha, mara moja.

Hamsta akashuka mkononi mwangu. Akakimbia moja kwa moja hadi kwenye kiganja cha beshte, akafungua mdomo na kumwaga vipande vyangu, kimoja kimoja, vikiwa vimelowa.

"Ona, ameniletea zawadi," beshte akasema.

Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Beshte akanusa kipande kimoja. Akapitisha kidole kwenye manyoya. "Ameng'aa huyu. Umempa nini? Niambie na mimi nitengeneze."

Ilikuwa ni kusema tu. Maneno machache.

"Lazima isagwe pale Makina," nikamwambia. "Huko kwenu sijui kama mna posho mill."

Akaniangalia. Kawangware kuna posho mill kila kona. Kuna moja ukutani kwake kabisa, inayomwamsha asubuhi, na amenilalamikia mara nyingi sana.

"Ni kweli," akasema taratibu. "Sisi kwetu tunatafuna mahindi mazima."

Kisha akafunga sanduku. "Basi nitakuwa namleta Jumapili, akule kwako."

Na humleta, akitoka kanisani. Nikisikia viatu vyake kwenye ngazi, naweka vipande kiganjani mapema, ili akitua sanduku, kabla hajanyoosha ukucha wake, mkono wangu uwe umeshaingia.