Pampu ya Tatu

Watu wengine hujulikana kwa sura, wengine kwa mwendo. Mama Msonyo alijulikana kwa sauti moja tu, ile ya kufyonza mate kati ya ulimi na meno, na mtaa mzima ulikubali kwamba hakuna aliyemfikia. Alikuwa na msonyo mfupi wa wenye maduka na msonyo wa katikati wa madereva wenzake. Halafu kulikuwa na ule wa kuburuta, ulioanzia jichoni na kumalizikia begani, ambao alimwekea shemeji yake peke yake.

Shemeji mwenyewe alikuwa fundi magari. Au tuseme alikuwa na spana. Mafundi wenzake walimwita Nitaona, maana ukimpelekea gari linalofuka moshi alisema nitaona, ukimpelekea lisilofuka chochote alisema nitaona, na ukirudi baadaye ukamkuta kainamia boneti, mikono nyuma, basi kweli alikuwa anaona. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Mama Msonyo: mtu mpole, mabega yameanguka, kucha nyeusi hata siku za mapumziko. Mama Msonyo hakuelewa kabisa jinsi tumbo moja lilivyoweza kumzaa mume wake, kisha likazaa kile kitu.

Marehemu alikuwa ameacha gari dogo la mizigo, bodi ya bati na milango miwili nyuma, pamoja na kazi ya kufua mashuka. Mama Msonyo aliyachukua mashuka machafu kwenye nyumba za wageni na zahanati, akayafua, akayapiga pasi, akayarudisha yakiwa marobota yaliyofungwa kwa vipande vya pindo la mashuka makuukuu. Fundo lake lilikuwa lake tu. Alizungusha mara mbili, ncha moja akaipitisha chini ya nyenzake, akakaza kwa goti, na hapo hata ungelivuta kwa ng'ombe lisingelegea. Wauguzi wa zahanati walilikata kwa mkasi huku wakinung'unika, na yeye alifurahi kusikia wananung'unika.

Gari hilo lilikuwa na sharti. Mama mkwe alishasema mbele ya ukoo wote, na mama mkwe akisema huwa kasema: gari la mwanangu litakaa kwa mkewe maadamu linatembea na kazi inakwenda. Likishindwa, lirudi kwa mdogo wake, alitafutie dereva. Kwa hiyo injini ilipokufa moja kwa moja katikati ya barabara, Mama Msonyo aliona kabisa shemeji yake kasimama mbele ya macho yake, kashika funguo.

Nitaona ndiye aliyeibadilisha injini. Ukoo haukumruhusu Mama Msonyo kutafuta fundi mwingine. Utaachaje fundi wa damu yako? Injini ya zamani ilikuwa ya kabureta, ikijivutia petroli yenyewe. Hii mpya ilitaka pampu ya umeme inayokaa ndani ya tangi na kusukuma mafuta kwa nguvu. Nitaona akatoboa sakafu nyuma ya viti, akatumbukiza pampu, akaunga nyaya, akaweka kifuniko cha bati juu yake, akaita watu waje kusikiliza. Gari liliwaka. Hata Mama Msonyo hakupata la kusonya, akaishia kusema rangi ya kifuniko ni mbaya.

Lakini nyumba ya wageni ya kwanza ilimrudishia mashuka. "Mama, sisi tunalaza wageni," alisema mwenye nyumba akiwa ameziba pua. "Hatulazi pikipiki."

Mashuka yalinuka petroli. Alimpelekea Nitaona akanuse. Nitaona akaingiza kichwa garini, akavuta pumzi, akasema hiyo ni harufu ya injini mpya, itaisha. Mama Msonyo akamburuzia ule msonyo mrefu. Akapanda mwenyewe nyuma, akapekua, akakiona kimpira chembamba kimechomoza kwenye kitundu cha sakafu karibu na ukuta wa bodi, mdomo wazi, kikiyapulizia mashuka yake harufu ya petroli bila aibu. Hakushangaa. Mtu yule angefunga kazi gani asibakize kitu? Kama si nati mfukoni ni mpira sakafuni. Akakikunja mara mbili, akakikaza kwa kipande cha pindo, akarudishia marobota juu yake. Harufu ikaisha siku hiyohiyo, na akawasimulia majirani jinsi dobi alivyomfundisha fundi kazi.

Ndipo gari lilipoanza vituko. Lilitoka nyumbani vizuri, likaenda, likaenda, kisha pampu ikaanza kulia nyuma ya kiti kama mbu, nguvu zikapungua, gari likajikwaa na kuzima. Ukikaa ukasubiri sana, linawaka. Ukienda mbele kidogo, hadithi ni ileile.

Nitaona akaja na tochi. Akapima fyuzi, akavuta nyaya, akabadilisha filta, akanusa petroli na kusema siku hizi vituo vinauza maji. Mwishowe akafungua mfuniko wa tangi, akalaza sikio pale mdomoni, akamwomba Mama Msonyo azungushe ufunguo. "Inalia vizuri," alisema. Baadaye akasema pampu imekufa. Kati ya maneno hayo mawili hakuona tatizo lolote.

Alipokuwa anafunga pampu ya pili, aliinua kichwa kutoka kwenye shimo. "Shemeji," alisema taratibu, "kuna kitambaa huku pembeni kimefunga..."

"Wewe tazama pampu!" Mama Msonyo alimkata. "Humo nyuma ni mashuka yangu na vitambaa vyangu. Ukigusa kitu zaidi ya pampu nakukata mkono." Akamalizia kwa msonyo, kwa kuwa maneno peke yake hayakumtosha.

Nitaona akarudisha kichwa shimoni.

Pampu ya pili ikafanya kama ya kwanza. Ya tatu ikafanya kama ya pili. Jambo lililomuudhi zaidi ni kwamba kila Nitaona alipoligusa gari lilipona, na kila alipokwenda zake lilikufa. Mama Msonyo alitangaza habari hizo kisimani, sokoni na kwenye foleni ya zahanati: kwamba shemeji yake ni debe tupu, kwamba nyani haoni kundule, kwamba akimpelekea mkokoteni ataufungia pampu. Watu walicheka. Wengine waliokuwa na magari walicheka kisha wakayapeleka kwa fundi mwingine. Moyoni alikuwa na neno jingine asilolisema hadharani: kwamba mjinga yule analitaka gari. Kisha alijicheka. Ili mtu afanye hila lazima awe na akili.

Siku gari lilipolala njiani na mashuka ya zahanati, wagonjwa wakalazwa kwenye magodoro matupu, mama mkwe aliita kikao. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Njoo na gari, kama linafika. Leo tutajua ni pampu au ni dereva." Kama ni pampu, Nitaona asiliguse tena. Kama ni dereva, funguo zibaki pale.

Halikufika. Lilianza kulia kwenye kilima cha shule, likajikwaa, likazima. Mama Msonyo alishuka, akalisonya gari, akaisonya barabara, akamsonya mwalimu aliyechungulia dirishani. Kisha, kwa kuwa hakuna mwingine wa kufanya hivyo, akaenda kufungua tangi ili asikilize kama pampu inalia. Alizungusha mfuniko.

Tangi likavuta hewa. Fyoooo. Sauti ndefu, ya kuburuta, ya dharau kabisa, iliyoanzia mbali na kukatika ghafla. Mama Msonyo alisimama na mfuniko mkononi. Aliifahamu sauti ile. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsonya hivyo, na sasa amesonywa na tangi.

Alipowasha, gari likawaka palepale, pampu ikinguruma kwa utulivu. Mama Msonyo alikuwa na kiburi, ila hakuwa mjinga. Kila siku alimimina sabuni ya maji kutoka kwenye madumu, na kila dumu alilitoboa kitundu kwa juu, maana dumu lisipoingiza hewa sabuni haitoki. Petroli nayo ikivutwa lazima hewa ishike nafasi yake. Basi kumbe Nitaona hakuliponya gari kwa pampu. Aliliponya kwa kufungua mfuniko. Na hewa hiyo ya kila siku ilitakiwa ipite wapi?

Jibu lilimjia kabla hajamaliza swali. Alipanda nyuma, akasukuma marobota. Kimpira kilikuwepo, kimekunjwa, kimekabwa. Mizunguko miwili, ncha moja chini ya nyenzake.

Mkasi hakuwa nao. Alijaribu kwa kucha, kucha ikavunjika. Akainama, akalifungua fundo lake kwa meno, akiwa kapiga magoti juu ya mashuka ya watu, na ladha ya petroli ikamjaa kinywani. Kilima kilichobaki gari lilikipanda bila kukohoa.

Alipofika, Nitaona alitoka uani kumpokea kabla mama mkwe hajanyanyuka kitini. Alilisikiliza gari, akazunguka nyuma, akafungua milango, akachungulia kwenye kona kwa tochi. Kimpira kilikuwa wazi. Kipande cha pindo kilikuwa bado kwenye ngumi ya Mama Msonyo, kimeloa mate.

"Umekifungua," alisema Nitaona.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikiona tangu pampu ya pili. Nikakuuliza."

"Hukuniuliza! Ulisema kitambaa, kitambaa, kama mtoto. Ungesema mpira wa hewa! Ungesema tangi litakosa pumzi!"

"Ningesema, ungeniamini?"

Mama Msonyo alitafuta jibu, akamkuta tu mtu anayemjua vizuri, yeye mwenyewe, na mtu huyo asingeamini. Angecheka, angesonya, angekaza fundo zaidi.

"Na pampu ya tatu je?" aliuliza, angalau apate pa kushika. "Ukajua, na bado ukafunga ya tatu?"

"Ya tatu haipo," alisema Nitaona. "Ni ileile ya pili. Niliitoa, nikaifuta, nikairudisha. Ulikuwa umesimama juu yangu unatukana, ilibidi nifunge kitu."

"Kwa hiyo uliniacha nizimikiwe barabarani ili upate gari!"

Nitaona alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Gari hili? Shemeji, nikilichukua si nitakuwa nakuona kila siku, unakuja kuniambia navyoliharibu? Sikulitaka jana, silitaki leo. Nilitaka tu ulikute fundo mwenyewe."

Sauti ya mama mkwe ilitoka sebuleni, kavu. "Mbona mnanong'ona huko? Semeni tujue. Pampu au dereva?"

Mama Msonyo alikaza ngumi. Maneno yalikuwa pale kwenye ulimi, mawili tu, ni dereva, na yalinuka petroli. Aliyatazama marobota yake, milango ya bati, usukani uliochakaa pale mumewe alipokuwa anaushika.

"Pampu, mama," alisema Nitaona. "Nilikosea mimi. Sasa limepona."

"Nilijua," alisema mama mkwe. "Wewe hata baiskeli usingeiweza. Usiliguse tena hilo gari, umesikia? Mke wa mwanangu, kaa na gari lako, ufanye kazi."

"Ahsante, mama," alisema Mama Msonyo. Alingoja aone kama kuna neno jingine litatoka kinywani mwake mwenyewe. Halikutoka.

Nitaona alichukua tochi yake kwenye ngazi ya gari. Alipompita, alisimama kidogo, akakitazama kipande cha pindo kilichochomoza kati ya vidole vyake. Akasonya.

Mama Msonyo alijua kazi hiyo kuliko mtu yeyote, na alijua msonyo mbaya akiusikia. Ule ulikuwa mfupi, wa pembeni ya mdomo, mate hayakukaa mahali pake, msonyo wa mtu ambaye hakuwahi kujaribu. Lakini ulimfika wote.