Siku Mjukuu Wangu Alipoambiwa Yuko Fiti

Pale zahanati, Bujonde, tulikuwa wanne: mimi, mjukuu wangu Ambakisye (mtoto wa marehemu binti yangu Bupe), mganga Lusajo, ambaye mama yake, Tumpale, niliimba naye kwaya, na Bi Salma, tajiri aliyetaka kumchukua kijana kazini.

Kazi gani, sikuuliza. Lusajo alimgongagonga kifua, akasema, "Huyu yuko fiti kwa kazi."

Nikiwa mtoto, baba yangu Gwakisa aligongwagongwa hivyo hivyo, akaambiwa fiti, akapelekwa machimbo ya Sauzi. Alirudi anakohoa damu, tukamzika. Tangu hapo kwangu fiti ni mtu anayefaa kumezwa na shimo.

Basi nikajitia ujanja, mimi kichwa kibuyu. "Anawadanganya huyu. Anakohoa damu, tunamficha."

"Mama, kifua chake ni safi," Lusajo akasema.

Bi Salma alishavuta ushungi puani. "Bibi anaishi naye, wewe umemwona leo tu. Mimi nakoboa chakula cha watu, baba. Nitatafuta mwingine."

Akaondoka. Ambakisye akafunga vifungo vya shati polepole.

"Bibi, nimekukosea nini? Ni mashine ya mpunga, hapo Ipinda tu. Ningekuwa narudi kulala nyumbani."

Kama nimekosea jina la mtu, nisahihisheni. Na mkisikia huko kijijini Talatala kwamba Ambakisye anakohoa damu, hilo nalo nisahihishieni, maana mimi nikikanusha hawaniamini.