Anayekunywa Maziwa ya Jirani

Ukitaka kuandika hadithi za upelelezi Garissa, jiandae kuchekwa. Mhariri wangu wa Nairobi aliposoma ya kwanza aliniuliza maiti iko wapi. Nikamwambia maiti hakuna. Kuna mbuzi aliyepotea kabla ya harusi, na kila mtu mtaani ana sababu ya kumficha. Akacheka, lakini akachapisha. Tangu hapo nimeandika nyingine, na hadi leo sijamwaga damu. Kwangu kuna watu wanaojuana mno, na jambo moja ambalo hawalisemi.

Tena hapa siri ni shida kuipata. Kwetu mtu akitoka safari haulizwi hali tu. Huambiwa "warran", yaani toa habari, naye huzitoa zote: mvua imenyesha wapi, malisho yakoje, nani kahama, ngamia wa nani kazaa. Anayebana habari hutiliwa shaka palepale. Basi nimejizoeza kusikiliza kile ambacho mtu amekiruka, na mazoea hayo yameniharibu. Siwezi kuona mtu akivuka barabara bila kujiuliza anamkimbia nani.

Jirani yangu anauza maziwa ya ngamia. Huletwa na pikapu kutoka upande wa Kotile, katika mitungi ya plastiki iliyofukizwa moshi ili yasiharibike, na kila mtungi una kitambaa cha rangi ya mwenyewe. Rangi yake ni nyekundu. Kwake jua linapiga kila pembe, ila kibaraza changu kina kivuli mchana kutwa, kwa hiyo miaka yote hii mitungi yake ya alasiri hupumzika kwangu mpaka atoke sokoni. Hatujawahi kuandikiana wala kulipana. Ni amana, na mimi nimelelewa niogope kula amana kuliko kulala njaa.

Mwaka huu maziwa yakaanza kupungua. Niligundua jioni moja alipoinua mtungi na mkono wake ukapanda upesi kuliko alivyotazamia. Hakusema neno. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, maana jirani yangu hulalamika hata chai ikipoa. Alinishukuru kwa adabu, kama mtu asiyenijua, akaenda zake. Nikajua ananishuku. Nyumbani kwangu tunaishi wawili tu, mimi na mama yangu mzazi, ambaye hukaa kibarazani na tasbihi yake wakati mimi niko ndani naandika. Nisipompata mwizi, nitampoteza rafiki.

Nikaanza na dereva wa pikapu. Kikulacho ki nguoni mwako, husema wapelelezi wangu katika kila kitabu, naye alikuwa karibu na maziwa kuliko wote. Lakini nilichungulia mitungi alipokuwa akiishusha, nikaikuta imejaa hadi shingoni. Alinitazama kwa jicho baya, nami nikamtazama vilevile.

Nikaenda kwa mwenye duka la kona, ambaye nilimfundisha Kiswahili enzi za ualimu wangu, bila faida kubwa. Nilimuuliza kama amemwona mtu akiingia kwangu baada ya alasiri. Akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi.

"Mwalimu, kwani wewe ni bolisi? Mimi hakuna ona mtu."

Kijana wa bodaboda anayeegesha getini kwangu alijibu hapana kabla sijamaliza swali. Mama wa miraa aliyekaa karibu naye akaanza kukisifu kitabu changu, na najua hajakifungua. Wote walikuwa wanadanganya. Mimi uongo ndiyo kazi yangu, naujua ukipita.

Nyumbani nikakuta vikombe vya bati vinanuka moshi. "Hooyo," nikamuuliza mama, "nani huja hapa mimi nikiwa ndani?"

"Wageni," akasema, akaendelea na tasbihi.

Siku hizi amekuwa akichanganya ya leo na ya jana, kwa hiyo sikulitilia maanani jibu lake.

Jirani alipokuja nikamwambia kwamba nina washukiwa watatu na nitamtaja mmoja karibuni.

"Abaayo, acha," akasema. Abaayo ni dada, na hakuwa ameniita hivyo tangu maziwa yaanze kupungua.

"Siwezi kuacha. Ni amana."

"Jambo limekwisha."

Kwetu neno hilo ni zito. Jambo likisuluhishwa, jina la mkosaji halitajwi tena. Anayelitaja ndiye mkosaji mpya. Lakini limesuluhishwa na nani, wakati mimi mwenye nyumba sikuitwa? Alipogeuka nikaona kwamba kati ya mitungi ya kitambaa chekundu sasa upo mmoja mdogo wenye kitambaa cheupe, umewekwa karibu kabisa na mkeka wa mama. Nikasema moyoni, huu ndio utakuwa mtego wangu wa kumnasa mwizi.

Kesho yake baada ya swala ya alasiri sikwenda kuandika. Nilisimama nyuma ya pazia la mlango. Mama akainuka polepole, akafungua mtungi wenye kitambaa cheupe, akajaza kikombe, akakipeleka getini. Enzi zake huko Hulugho maziwa hayakuuzwa, kuyauza ilikuwa aibu. Aliyepita njia alipewa. Kijana wa bodaboda akavua kofia yake, akachuchumaa, akapokea kwa mikono miwili.

"Warran," mama akamwambia.

Na yule kijana wa mjini, ambaye sidhani amewahi kuchunga hata kuku, akatoa habari. Hulugho mvua imenyesha, majani yamefika magotini, ngamia wa mama wote ni wazima. Ngamia wale walikufa kwa ukame mimi nikiwa mtoto. Baada yake akaja mwenye duka, naye akaongeza kwamba mmoja amezaa. Mama alicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia muda mrefu.

Nilikasirika. Mtaa mzima ulikuwa umejua hali ya mama yangu, umeipanga na kuitunza, na mimi nilikuwa naye chumba kwa chumba. Nilitoka nje nikiwa tayari kugomba na yeyote. Mwenye duka akaniona, akainamisha kichwa.

Mama hakuinamisha chake. Alinitazama vizuri, kwa upole anaopewa mtu wa mbali, akajaza kikombe.

"Kunywa upesi, mgeni," akaninong'oneza. "Humu ndani kuna mwanamke anauliza maswali mengi." Kisha akakaa akingoja. "Warran?"

Nikachuchumaa, nikapokea kwa mikono miwili, nikamwambia Hulugho mvua imenyesha.