Mtu wa Moshi

Kwa kuwa nimezaliwa Moshi, kule Guangzhou, China, nilijifanya bingwa wa milima. Ukweli ni kwamba Kilimanjaro nimeuona nikiwa uani kwetu, kikombe cha chai mkononi. Sijawahi kuupanda hata kufika getini. Lakini ugenini nani atakuumbua?

Nilikuwa mwanafunzi, na kikohozi kilikuwa kimenikaa kifuani tangu baridi ianze. Mama alikisikia kwenye simu. "Mwanangu, kifua hicho kitakuua. Usipopona, rudi nyumbani." Mama yangu hatishii bure. Nami niliogopa kurudi bila shahada kuliko nilivyoogopa kufa.

Asubuhi moja nilisimama juu ya ghorofa moja la mtaa wa Xiaobei na dada mmoja wa Mwanza, mfanyabiashara aliyenunua nguo kwenye soko la Liuhua. Akauliza ule mlima wa kando ya mji uko wapi. Hata mimi sikuuona. Nikamjibu kwa madaha:

"Ngoja kidogo, ni ukungu tu. Sisi kwetu tunaujua. Jua likipanda, mlima utajifunua."

Tukangoja. Jua likapanda, jekundu kama nyanya, na mlima usionekane. Nikakohoa mpaka nikashika ukuta. Dada akanipungia mkono, kama wauzaji wa Liuhua wanavyomkatalia mteja.

"Bosi, mlima *meiyou*. Hakuna! Huu si ukungu, ni moshi. Na wewe mtu wa Moshi umeshindwa kuujua?"

Kabla ya chakula cha mchana, migahawa yote ya Waafrika ya barabara ya Huanshi ilikuwa na habari hiyo.

Ili kuokoa jina langu nikaandaa safari ya milima ya kaskazini, mbali na mji. Nilivaa makoti mawili na glavu za jikoni, maana nyingine sikuwa nazo. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema; yangu ilikuwa na ngazi mpaka kileleni. Dada wa Mwanza, mtoto wa ziwani, aliniacha mbali, akawa ananisubiri huku anakula karanga.

Lakini kule juu, jamani! Nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu nyembamba, zikivunjika chini ya viatu. Anga lilikuwa buluu, buluu niliyokuwa nimeisahau. Nilifurahi kijinga. Nikavuta hewa kama mtu aliyepewa togwa ya bure, kisha nikampigia mama.

Tuliongea habari za ng'ombe, za migomba, za harusi ya jirani. Ghafla akayakatiza yote:

"Mbona leo hukohoi?"

"Niko mlimani, mama."

"Mungu ashukuriwe," akasema, na sauti yake ikatetemeka. "Basi kaa hukohuko, mwanangu. Usishuke."

Chini, dereva wa basi la kurudi mjini alikuwa ameanza kupiga honi.

"Sawa, mama," nikasema, nikaziba simu kwa glavu ya jikoni asisikie honi.